Likizo ya Mikono

Kila kiangazi watu hutoka London, Berlin na Amsterdam kwenda mashambani Italia, hasa Toscana na Umbria, wakalale kwa mkulima wiki nzima wakijifunza kuchora, kufinyanga au kufuma. Asubuhi hukalia vigoda mbele ya mizeituni, brashi mkononi. Jioni hula meza moja na mwenyeji. Mhasibu wa mjini hutoa fedha nyingi ili ashinde kutwa akihangaika na rangi ya kijani inayokataa kufanana na jani. Anatafuta nini huko ambacho mshahara wake haukumpa?

Swali hilo nalipandisha hadi Msangeni, huku Ugweno katika milima ya Upare, ambako Ziwa Jipe huonekana chini upande wa mashariki, kwa sababu milima hii ina la kusema. Kabla chuma cha Ulaya hakijajaa masokoni, Ugweno ilikuwa karakana ya majirani. Wahunzi walikusanya mchanga mweusi wenye chuma katika vijito, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe na mikuki. Hata Wachagga walipata chuma chao huku. Ukoo wa Washana, wenye uhunzi wao, ndio uliotawala kabla ya Wasuya kuwapindua. Profesa Isaria Kimambo aliyaandika hayo katika historia yake ya Wapare iliyotoka mwaka 1969. Kwa hiyo hapa palikuwa na nchi ambayo heshima ya kutawala na ujuzi wa kufua vilikaa nyumba moja. Kazi ya mikono haikuwa ya waliokosa kazi nyingine.

Uhunzi ulikuwa wa wanaume, ufinyanzi wa wanawake. Mtazame mfinyanzi kwa karibu. Hana gurudumu. Anaponda udongo, anachambua kila kijiwe kwa vidole, anaukanda mpaka ushikane, kisha anauvuta juu kidogo kidogo huku akikigeuza chungu taratibu. Mgeni akijaribu, ukuta unalegea upande mmoja na mdomo unapinda. Mama hasemi mengi. Anaweka kiganja ndani, kidole gumba nje, anabonyeza mahali palipo pembamba mno, naye mgeni anapahisi kwa mara ya kwanza. Unyevu ukibaki ndani ya udongo, chungu kitapasuka motoni, wala hakuna wa kubembelezwa.

Nadhani hapo ndipo lilipo jibu la kwanza. Wengi wetu leo tunaishi kwa maneno: ripoti, vikao, ahadi, maelezo juu ya maelezo. Kazi ikiharibika, kuna namna ya kuieleza ikaonekana nzuri. Udongo hausikilizi maelezo. Unamwambia mtu ukweli wake papo hapo, bila chuki na bila upendeleo, na mtu aliyezoea kupambwa kwa sifa au kusongwa na lawama huuonea kiu ukweli wa namna hiyo. Ndiyo maana yuko tayari kuusafiria.

Lakini wiki moja haimfanyi mtu fundi. Watoskana wenyewe wanalijua hilo. Cennino Cennini, mchoraji aliyezaliwa Colle di Val d'Elsa, aliandika kitabu cha ufundi wake mnamo mwaka 1400 hivi, akamhesabia mwanafunzi miaka 13: mmoja wa kuchora tu, sita ya kusaga rangi na kuandaa mbao kwa bwana wake, na sita mingine ya kupaka. Anachoweza kuondoka nacho mgeni wa wiki ni jicho. Akirudi sokoni hatamwomba tena mfinyanzi apunguze bei kana kwamba chungu kimeota mtini.

Jibu la pili ni gumu zaidi. Chungu cha yule mama kina mtu anayekisubiri. Kitapikiwa makande, kitavumilia moto miaka mingi, na mpishi ndiye atakayekihukumu. Picha ya yule mhasibu haisubiriwi na yeyote. Ameonja ukweli wa kazi, hajaonja kuhitajiwa. Na maana inataka vyote viwili. Wazee waliposema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hawakuwa wanamfukuza. Walikuwa wanamwingiza kwenye haja za nyumba. Mwenye jembe ana sehemu yake kwenye mavuno, na asipoonekana shambani anaulizwa.

Waitalia waliliona jambo hilo kwa njia yao. Sheria yao ya mwaka 1985 kuhusu wakulima wanaopokea wageni ilitaka kilimo kibaki kuwa kazi kuu ya shamba, na wageni wawe nyongeza. Usangi, jirani zetu, nao wamekuwa wakipokea watalii wa utamaduni tangu miaka ya 1990, na busara hiyo ya Waitalia inatufaa. Siku mfinyanzi atakapofinyanga kwa ajili ya kupigwa picha tu, mgeni atakuwa amesafiri mbali kuona kivuli. Alipe ada kama mwanafunzi, akae chini ya mwalimu wake, na chungu kinachofinyangwa kiwe na jiko linalokingoja.

Hata hivyo mgeni ninayemuwazia zaidi hatoki Ulaya. Ni mtoto wetu anayepanda mlimani kila Desemba kutoka Dar es Salaam au Arusha. Anakula, anasalimia, anahudhuria harusi na misiba, anampiga picha bibi, kisha anashuka na mikono ileile aliyokuja nayo. Bibi anayejua udongo wa bondeni anazeeka akiwa hajaulizwa. Upare una shule yake ya zamani, msaragambo: mbiu inalia, watu wanatoka na majembe kuzibua mifereji na kutengeneza ndiva, bwawa la kukusanyia maji, ili maji ya usiku yasipotee. Hapo hakuna mtazamaji, na jioni kila mmoja anajua shamba la nani litapata maji kwa jasho lake.

Mwaka mzima wa ofisini unamwachia mtu uchovu ambao usingizi peke yake hauuondoi, kwa kuwa unatokana na kutojua kazi yake imemfaa nani. Dawa yake iko karibu kuliko Toscana. Atakayepanda Desemba hii asisubiri siku ya tatu. Aombe jembe siku ya kwanza.