Mgongo wa Kioo

Neno kioo katika Kiswahili limebeba vitu viwili: kile mtu akitazamacho ajione, na kile cha dirishani akitazamacho aone kilicho nje. Kinachovitenga ni utando mwembamba wa fedha uliotandazwa mgongoni. Ajabu ni kwamba mteja aendaye kwa fundi wa vioo huuliza habari za uso, ilhali aghalabu maradhi yamo mgongoni. Hapo ndipo lizaliwapo suala la maadili: je, ajuaye ana wajibu wa kujibu hata lile asiloulizwa?

Bibi mmoja amerithi kioo cha mamake, nacho kimeota madoa meusi pembezoni. Humwambia fundi: "Mwanangu, hiki kimekwisha. Kipya kiasi gani?" Fundi ajua kuwa kioo chenyewe ni kizima. Tangu Justus von Liebig, mwanakemia wa Kijerumani, alipovumbua mwaka 1835 njia ya kutandika fedha juu ya kioo, vioo vingi vimefanywa hivyo, na nyuma ya fedha hupakwa rangi ya kuikinga. Unyevu na chumvi ya bahari hupenya ukingoni, vikaila ile fedha. Utando mpya waweza kutandikwa juu ya kioo kile kile. Au madoa yakaachwa yalivyo, kioo kikaondolewa kwenye ukuta wenye unyevu. Fundi akitaja bei na kunyamaza, hakusema uongo hata neno moja. Walakini amempaka bibi yule mafuta kwa mgongo wa chupa.

Wapo watakaomtetea: naye ana watoto wa kulisha, na soko si chuo. Hoja hii ina uzito wake. Muuza samaki halazimiki kumfundisha mnunuzi kupika. Lakini mnunuzi wa samaki hufunua matamvua akajionea, ilhali mwenye kioo hawezi kuuliza asichokiona wala kukijua. Palipo na pazia baina ya ajuaye na asiyejua, elimu haiwi tena bidhaa tupu, huwa amana.

Upo pia uongo wa huruma. Kijana aliyekipasua kioo cha nyumbani huuliza kama ufa utafutika. Fundi mwenye moyo laini humwambia utafutika, akapaka gundi. Gundi hushika vipande, ila ufa hubaki, na kila ajitazamaye huona uso wake umekatika. Jibu la kweli lingekuwa chungu, lakini lingemwachia kijana nafasi ya kwenda kukiri kosa lake mapema.

Mizani hii hudhihirika zaidi mlangoni. Baba hutaka kioo cha rahisi kabisa kwa mlango wa ukumbi ambamo watoto hukimbizana. Kioo cha kawaida kikivunjika hutoa vipande virefu, vikali kama visu. Kile kilichopashwa moto kupita nyuzi 600 za Selsiasi, kisha kikapozwa ghafla kwa upepo, huvunjika punje punje, na hatari yake hupungua sana. Bei yake ni kubwa zaidi, na hakikatiki tena baada ya kupitishwa motoni, hivyo vipimo sharti vitangulie. Baba hakuyauliza hayo. Fundi akinyamaza, ukimya wake utakaa mlangoni miaka na miaka, ukingoja siku mtoto atakapojikwaa.

Naam, baada ya kusema, hiari ni ya mteja. Fundi hakupewa mamlaka juu ya mfuko wa mtu. Huenda baba akachukua kile cha rahisi, na bibi akanunua kipya vilevile. Wajibu wa ajuaye hukomea hapo: kukigeuza kioo mbele ya mwenyewe, mchana kweupe, auone mgongo wake kabla hajatajiwa bei.