Mcha Mungu na Mlokole

"Mcha Mungu" ni jina ambalo mtu hajipi. Hupewa na majirani. "Mlokole" limetoka Uganda: kwa Kiganda, balokole ni waliookoka. Lilienea pamoja na uamsho wa Kikristo uliovuma Rwanda na Uganda miaka ya 1930. Wenyewe hulitamka kwa furaha, wengine kwa dhihaka.

Katika ofisi moja, karani alikataa kutia sahihi hati ya safari isiyofanyika. Tukamwita mlokole, ingawa alikuwa Mwislamu wa sala tano! Nami nilicheka. Kwa neno lile tuliugeuza uaminifu wake kuwa kituko cha dini, ilhali ulikuwa wajibu wetu sote. Hati ilitiwa sahihi na mwingine siku ile ile.