Walilipia Cheti, Wakapata Cheti

Mwaka 2007 Gavana Edward Rendell wa Pennsylvania, jimbo la mashariki mwa Marekani, aliunda tume ya kushughulikia magonjwa sugu. Wagonjwa wa kisukari, pumu na moyo walikuwa wakilazwa kwa matatizo ambayo kliniki ya mtaani ingeweza kuyazuia mapema, na gharama zilizidi kupanda.

Dawa iliyopendekezwa ilikuwa vigumu kuipinga. Kliniki za huduma za msingi zigeuzwe kuwa kliniki za uratibu. Kila mgonjwa awe na daktari anayemjua na jina lake liwe kwenye rejista. Akipitiliza tarehe ya kupimwa atafutwe, na akitoka hospitalini afuatiliwe.

Juni 2008, upande wa kusini-mashariki mwa jimbo, kliniki 32 zilijitolea kuanza. Kampuni za bima zilikubali kulipa, zikiwamo zile zinazohudumia wanachama wa Medicaid, bima ya umma ya watu wa kipato cha chini. Hapo likazuka swali la mwenye fedha yeyote: tutajuaje kwamba kliniki imegeuka kweli? Walipaji wakaona njia iliyo rahisi kukagua ni ithibati ya NCQA, taasisi ya kitaifa inayopima ubora wa huduma. Ithibati hiyo ilikuwa na ngazi tatu, na kliniki ilivyopanda ngazi ndivyo malipo yalivyonona.

Kliniki zikafanya zilicholipwa kufanya. Zilitengeneza rejista, zikaandika taratibu, zikakusanya vielelezo, zikapata ithibati. Kwa miaka mitatu, malipo ya ziada yalifikia wastani wa dola 92,000 kwa kila daktari.

Kisha wakaja watafiti. Walichukua madai ya bima ya wagonjwa zaidi ya 64,000 wa kliniki hizo, wakayalinganisha na ya wagonjwa wa kliniki 29 za aina hiyohiyo zisizokuwa kwenye mpango. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida la JAMA. Kati ya vipimo 11 vya ubora, tofauti ya maana ilionekana kwenye kimoja tu: kuwapima figo wenye kisukari. Idadi ya waliolazwa na waliokimbilia vyumba vya dharura haikutofautiana kwa maana na ile ya kliniki nyingine, na gharama vilevile. Apandacho mtu ndicho avunacho. Hapa kilichopandwa ni cheti.

Haifai kuwalaumu madaktari wale kwa uvivu wala kwa udanganyifu. Walitimiza mkataba. Tatizo ni kwamba mkataba haukuwapa sababu ya kujali kama mgonjwa wao amelazwa wiki iliyopita, wala haukuwaletea taarifa za kuwaonyesha kwamba amelazwa. Daktari asiyeambiwa kuwa mgonjwa wake amepelekwa chumba cha dharura usiku atamfuatiliaje asubuhi?

Jimbo hilohilo lilikuwa na jaribio jingine, kaskazini-mashariki, kuanzia Oktoba 2009 hadi Septemba 2012. Lilihusisha kliniki 27, nyingi zikiwa ndogo. Huku ithibati haikufanywa kuwa mbio za mwanzo. Kliniki zilipewa fedha za kuajiri wauguzi waratibu, zikaletewa taarifa za wagonjwa wao kulazwa na kwenda dharura, na zikaahidiwa mgawo wa fedha zitakazookolewa, mradi zifikie viwango vya ubora. Kufikia mwaka wa tatu, waliolazwa walikuwa 8.5 kwa kila wagonjwa 1,000 kwa mwezi, dhidi ya 10.2 kwenye kliniki za kulinganishia. Waliokwenda dharura walikuwa 29.5 dhidi ya 34.2. Ziara kwenye kliniki zenyewe ziliongezeka, yaani watu walirudi kwa daktari wao.

Majaribio haya mawili hayakushindanishwa ana kwa ana, na bima zilizoshiriki hazikuwa zilezile. Hata hivyo, mwenye kupanga malipo hawezi kuyasoma yote mawili akaendelea kuamini kwamba cheti peke yake kinanunua afya.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalihitaji funzo hili sasa. Kenya ilipitisha Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi mwaka 2023, yenye mitandao ya kuunganisha wahudumu wa afya ya jamii, zahanati, vituo vya afya na hospitali. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka huohuo, nayo ilikwisha kuvipa vituo vyake vya msingi nyota kwa ubora. Kishawishi cha kulipa kwa kutazama nyota au leseni kitakuwa kikubwa, kwa sababu nyota huhesabika haraka.

Vyeti visitupwe. Kituo kisicho na maji, dawa wala mhudumu mwenye sifa kisilipwe na bima kabisa, na cheti ndicho kinachozuia hilo mlangoni. Wala tusikimbilie kulipa matokeo matupu, maana kituo kitajifunza kuwakwepa wagonjwa mahututi ili takwimu zake zing'ae. Cheti kiruhusu kituo kuingia kwenye mpango. Fedha za ziada zifuate kazi ya kila siku: mama mwenye presha aliyekosa dawa mwezi huu amepigiwa simu na nani? Aliyeruhusiwa kutoka hospitali ya wilaya ameonwa na kituo chake baada ya siku ngapi? Mfuko wa bima usioweza kujibu maswali hayo kwa taarifa zake wenyewe usianze kugawa malipo ya uratibu.