Shoka Halijivuni: Mashine Ikichonga, Kazi ni ya Nani?



Siku hizi kuna mashine ya kuchonga inayotosha kukaa juu ya meza nyumbani, na inaongozwa na kompyuta. Watu wanaitumia kutengeneza picha za kuwekewa taa nyuma: picha ya arusi, ya mtoto, au ya mzazi aliyetutangulia. Ukiishika picha hiyo hivi hivi, unaona kibao cheupe chenye mabonde na vilima, na huambulii kitu. Washa taa nyuma yake, uso wa mtu unatokea mpaka kope. Sasa swali ni hili: ikiwa mashine ndiyo iliyochonga, yule kijana mwenye mashine amefanya nini? Ni haki apokee sifa na pesa?

Tusihukumu kabla ya kuelewa kazi yenyewe. Kompyuta huisoma picha nukta kwa nukta. Penye mwanga, kama paji la uso, ncha ya kuchonga hushuka sana, kibao kikabaki chembamba, pengine chini ya milimita 1, ili taa ipenye. Penye giza, kama nywele, kibao huachwa kinene. Ncha hiyo hupita mstari baada ya mstari. Tuseme picha ina upana wa sentimita 20 na kimo cha sentimita 15, na kila mstari uko milimita 0.2 kutoka kwa mwenzake. Hiyo ni mistari 750, safari ya mita 150. Ikienda mita 1 kwa dakika, ni saa mbili na nusu nzima, na kijana anaweza kuwa ameketi kando anakunywa chai. Ndiyo maana watu wanauliza.

Lakini swali hili halikuanza na kompyuta. Mwaka wa 1827 Mfaransa Paul de Bourgoing alipata hataza ya picha za kauri za namna hii. Fundi alichonga nta juu ya kioo, mwanga ukitoka nyuma ili aone anachofanya. Kutokana na nta hiyo ilitengenezwa kalibu ya plasta, na kalibu ikatoa vibao vingi. Aliyechonga ni mmoja. Aliyejaza kalibu hakuchonga hata mstari, na bado picha ilitoka.

Nabii Isaya, katika sura ya 10 mstari wa 15, anauliza kama shoka linaweza kujivuna mbele ya mtu anayelitumia. Alikuwa anasema juu ya Ashuru, taifa lililojiona limefanya makuu kwa nguvu zake lenyewe. Kwa kawaida tunalisoma neno hilo upande mmoja tu: chombo kisijivune. Lakini geuza upande wa pili. Ikiwa shoka haliwezi kupewa sifa, basi haliwezi kupewa lawama pia. Aliyelishika hawezi kusimama mbele ya watu aseme, "Si mimi, ni shoka."

Hapo ndipo mashine yetu inatufundisha. Ukikosea mpangilio ukageuza giza kuwa mwanga, itachonga uso wa mama wa watu ukiwa mweusi na nywele zake nyeusi zikiwa nyeupe. Itafanya hivyo saa mbili na nusu bila kuuliza. Haijui kwamba huyo ni mama. Mashine inatii tu, na anayetii bila kuelewa hawezi kuwajibika. Mteja akija kuchukua mzigo wake, "mashine imeharibu" si jibu. Wewe ndiwe uliyeituma.

Kwa hiyo kazi ya kijana iko wapi? Iko katika yale ambayo mashine haiwezi. Kuchagua picha. Kujaribu kwanza kwenye kipande kidogo kabla ya kuharibu kibao kizima. Kukaa na familia iliyofiwa, iliyoleta picha ndogo ya kitambulisho, na kuwaambia ukweli: picha hii ikikuzwa, uso utatoka kama ukungu, tafuteni nyingine. Mashine ingeichonga hiyo hiyo na pesa zingeingia. Ni mtu tu anayeweza kukataa. Kwa kazi hiyo kijana anastahili malipo yake, wala tusimdharau. Hata Bezaleli, tunayesoma habari zake katika Kutoka 31, hakukata mawe na kuchonga mbao kwa kucha. Alikuwa na vyombo.

Lakini kuna mpaka, na tuuseme wazi. Kijana huyo akiandika "imechongwa kwa mkono", amedanganya. Mtu atasema, "Lakini mnunuzi amefurahi, nani ameumia?" Nitakuambia nani ameumia. Kule Wamunyu, Machakos, kuna mafundi wa Kikamba wanaochonga mbao kwa tezo, kisha wanakwangua na kupiga msasa. Kitu wanachouza si mti peke yake. Wanauza siku zao, macho yao, mikono yenye sugu. Anayeuza kazi ya mashine kwa jina la kazi ya mkono amechukua jina lao na kulitia mfukoni, na kesho mnunuzi atakapomkuta fundi wa kweli, atamwambia bei yako iko juu, mbona yule aliniuzia kwa nusu? Mithali 20:10 inakemea kupima kwa mizani mbili. Hii nayo ni mizani ya pili.

Wengi wetu hatuna mashine ya kuchonga. Lakini tuna simu, tuna kompyuta ofisini, tuna programu zinazotuandikia barua na kutupigia hesabu. Mara ngapi tumesikia, "Pole, sistemu ilikosea"? Kazi ikienda vizuri tunasema, "Nimefanya." Ikiharibika tunasema, "Ni mashine." Ndugu yangu, dada yangu, chagua moja. Ukipokea sifa ya chombo, pokea na lawama yake.

Wiki hii, kabla hujakabidhi kazi yoyote, jiulize mambo mawili. La kwanza, mwenye kazi akiniuliza imefanywaje, nitamjibu bila kubabaika? La pili, ikipatikana na kasoro, niko tayari kusema "ni mimi", kisha niirudie kwa gharama yangu? Kama jibu ni ndiyo, uza kazi yako kwa amani, na upange bei yako bila aibu.

Mungu awabariki.