Je, asiyelalamika hana mzigo?

Jua likaribiapo kutua, mume na mke hutoka shambani pamoja. Tangu asubuhi wamelima shamba moja. Wafikapo nyumbani, mume huweka jembe, huketi barazani, hunyosha miguu. Mke hutua kikapu cha mihogo na mzigo wa kuni, hushika ndoo akaenda mtoni; akirudi hutwanga sombe, husonga bugali, huosha watoto. Ukiwauliza usiku ule, mume atasema, «Leo nimechoka kabisa.» Mke atasema, «Sina neno.»

Basi yafaa kuuliza: je, jibu hilo la mke lamaliza shauri? Wengi husema, «Yeye mwenyewe ameridhika, nani amemdhulumu?» Neno hili laonekana kuwa la haki, lakini na lichunguzwe.

Mwaka 1997 mtaalamu wa uchumi, Andrew Clark, alitangaza uchunguzi juu ya wafanyakazi wa Uingereza. Wanawake wa huko, ingawa kwa kawaida walipata mshahara mdogo kuliko wanaume, walisema kuliko wanaume kwamba kazi yao yawapendeza. Ajabu! Lakini kwa wanawake vijana, na kwa wale waliosoma sana, tofauti ile haikuonekana. Naye alieleza hivi: wanawake wengi walitazamia machache, kwa hiyo machache yaliwashibisha. Aliyezoea kulala njaa husifu hata kiazi kimoja. Je, kiazi kimoja chatosha kuwa chakula? Kuridhika kwa mtu huonyesha alichotumaini kupata. Uzito wa mzigo wake hakuuonyeshi.

Wala si kwamba mume hana taabu. Fedha ya shule, deni la mahari, kazi iliyopotea mjini, hayo humnyima usingizi, na tangu utoto ameambiwa kwamba mwanaume halii. Taabu hiyo ni ya kweli. Walakini jioni ana kiti chake barazani, na mke hana. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilitangaza kwamba wanawake hufanya zaidi ya robo tatu ya kazi yote isiyolipwa ya kutunza nyumba, watoto na wagonjwa. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 humpa mwanamke wa mshahara majuma 14 ya kupumzika anapozaa. Ni vema. Lakini jembe halina mkataba, wala ndoo. Mwanamke wa shambani hupumzika tu watu wa nyumba yake wakimpumzisha.

Na hapo ndipo penye ugumu. Yuko mume aonaye wazi kwamba mkewe amelemewa. Angependa kuichukua ile ndoo, ila aogopa kicheko cha jirani zake katika njia ya mtoni. Basi hungoja giza, ndipo aende kuchota. Heri huyo kuliko yule asiyeona kitu. Lakini arudipo na maji, watoto wamekwisha kulala bila kuoga, na mke amekwisha kwenda mwenyewe mara mbili.