Sikupiga

Chojun Miyagi alizaliwa Naha, Okinawa, mwaka 1888. Karate yake aliiita Goju-ryu: ugumu na ulaini pamoja. Vita vya mwaka 1945 vilimpokonya baadhi ya watoto wake, pamoja na Jin'an Shinzato, mwanafunzi aliyemtegemea. Hata hivyo alirudi kufundisha, uani kwake, hadi alipofariki mwaka 1953. Mwaka 1973 Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, alianza kuufundisha mtindo huo Dar es Salaam. Mimi niliukuta Tanga, nikiwa darasa la sita.

Somo la kwanza lilikuwa: usianze kupiga. Nilidhani nimelielewa.

Jioni moja, Ngamiani, watu walimkamata kijana wakidai kaiba simu. Wakati huo nilikuwa na mkanda wa kahawia. Sikupiga. Nilisimama pembeni, mikono mfukoni, mpaka mama muuza vitumbua alipojitupa katikati: "Jamani, mtoto wa mwenzenu huyu!" Wakamwacha.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba mikono yangu ni safi. Lakini je, asiyepiga na asiyezuia wametofautianaje na aliyepiga, machoni pa yule aliyelala chini?

Nadhani Miyagi alijua kuwa nguvu haimlindi kila umpendaye. Angekuwa na sababu ya kuacha. Aliendelea kufundisha. Mimi nilichukua nusu ya somo, ulaini, nikaufanya maficho. Yule mama hakuwahi kuvaa mkanda wowote, na nusu zote mbili alikuwa nazo.