Tauni au Mkono wa Mtu?



Katika Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, liko bonde la majani ambamo limesimama gofu la kanisa la Mtakatifu Martin. Zamani hapo palikuwa na kijiji, jina lake Wharram Percy. Bwana Maurice Beresford alianza kupachimba mwaka 1950, baadaye akaungana na Bwana John Hurst, na kazi yao iliendelea hadi mwaka 1990. Ilifunua misingi ya nyumba, vigae vya vyungu, na mifupa ya watu karibu 700 katika uwanja wa kanisa.

Ukiuliza kijiji hicho kilikufaje, wengi watajibu upesi: tauni. Ni kweli, tauni ya miaka 1348 na 1349 iliua watu wengi mno katika Uingereza. Lakini miaka 20 hivi baadaye nyumba zipatazo 30 zilikuwa zingali na watu. Walikwisha kuwazika wafu wao, wakarudi kulima.

Kilichokimaliza kijiji ni hesabu ya fedha. Sufu ilileta faida kuliko nafaka, na mchunga kondoo mmoja alitosha mahali pa wakulima wengi. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 1517 ulitaja nyumba nne zilizoachwa zibomoke. Wakaaji wa mwisho waliondolewa, kondoo wakaingia.

Kwa nini basi twapenda jibu la tauni? Naona ni kwa sababu tauni haina mtu wa kuulizwa.

Nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu, kijana mmoja hakurudi baada ya likizo. Tukasema, "Ndiyo mapenzi ya Mungu." Kumbe alikuwa amekosa nauli tu. Najua, kwa maana barua yake ya kuomba msaada ilikaa katika mtoto wa meza yangu mwezi mzima. Sikumchukia kijana yule. Nilikuwa na shughuli. Pengine na yule mwenye ardhi hakuwachukia watu wake. Alihesabu kondoo tu.

Mfalme Ahabu naye hakumpiga Nabothi jiwe hata moja kwa mkono wake, lakini nabii hakutumwa kumpa pole kwa msiba.

Mambo mengine kweli hutupata bila kosa la mtu ye yote. Lakini jamaa akihama, au kiti kikibaki kitupu kanisani, tusiharakishe kumsingizia Mungu. Kwanza tufungue meza zetu, tutazame kama kuna barua.